Akiru na matairi asiyotaka kuyavua

Saa moja asubuhi, na mchanga wa Kakuma tayari umeanza kuchoma nyayo. Akiru Ekaale amepiga goti nyuma ya trekta lake, anapitisha kiganja juu ya meno ya tairi la kulia. Meno hayo zamani yalikuwa marefu kama kidole cha mtu mzima. Sasa yamelika, yamebaki mabonge ya mviringo yaliyopasukapasuka. Akiru anayagusa moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayempapasa mnyama mgonjwa.

Nyuma yake amesimama Madut, fundi wa matairi, na spana begani.

"Mama Ewoi, natoa?"

"Ngoja kwanza."

"Nangoja tangu mwezi ya pili. Mvua hakuna. Hii tairi ni ya matope, na wewe unatembea nayo kwa mawe. Inakwisha hivi hivi. Siku mvua inakuja utapanda na nini?"

Akiru anasimama, anapangusa magoti, anatazama upande wa kambi ambako moshi wa majiko umeanza kupanda. Ni Julai 1999, na kwa karibu miaka miwili sasa matairi hayo membamba hayajatoka kwenye trekta lake, kiangazi na masika.

Mama huyu wa watoto wanne, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, huvuta tangi la maji kutoka kisimani hadi kwenye maboma yaliyo mbali na barabara. Mvua zikinyesha, huyanasua malori yaliyokwama kati ya Lodwar na Kakuma. Wengi humwita Mama Ewoi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Madereva wa malori kutoka Kitale humwita Mama Trekta, jina analolichukia.

"Trekta ni chombo. Mimi ni mtu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Akiru alizaliwa karibu na Kainuk, ambako baba yake alikuwa na mbuzi wengi hadi wavamizi walipowaswaga wote alasiri moja. Familia ikahamia Lodwar kwa miguu. Huko ndiko alikoolewa na Ekaale, dereva katika mradi wa kilimo cha umwagiliaji kando ya mto Turkwel. Wafadhili walipoondoka mradi ukafa, na wakulima wakaachiwa trekta moja lililochoka. Ekaale na mkewe walilinunua kwao, naye akaliendesha mpaka mgongo wake ukakataa kabisa.

"Alinifundisha kwa sababu hakutaka kuona mwanamume mwingine kwenye kiti chake," Akiru anakumbuka. "Mimi nilikuwa mke wake, kwa hiyo akaona ni kama bado amekaa yeye."

Kazi ilipoongezeka Kakuma, baada ya wakimbizi kuanza kuwasili, Akiru alilileta trekta huku. Huwa Kakuma siku nyingi za mwezi na hurudi Lodwar kwa mumewe kazi inapolegea.

Ni hapa alipokutana na Madut na mkewe Yar.

Madut alitoka kusini mwa Sudan mwaka 1992. Kabla ya vita alikuwa fundi katika mashamba makubwa ya mtama upande wa Renk, kwenye udongo mweusi ambao ukilowa hunasa mguu hadi gotini. Kambini alijenga kibanda cha mabati yaliyokunjuliwa kutoka mikebe ya mafuta ya msaada, akaanza kuziba pancha. Yar, ambaye wote humwita Mama Ayen, alikuwa akitarizi milaya, yale mashuka ya kwao yenye ndege na maua ya nyuzi za rangi. Alikaa mlangoni mwa kibanda, shuka limemfunika magoti, na wanawake wa Kiturkana walisimama kumtazama hata kama hawakuwa na haja ya kununua.

"Alikuwa anashona ndege, unaona kabisa kwamba huyu anataka kuruka na yule amechoka," anasema Akiru. "Nilikuwa nazima trekta pale makusudi, nikae naye kidogo. Alisema atanishonea moja. Nikamwambia asiweke ndege, aweke ngamia. Alicheka siku nzima. Hakuwa amewahi kushona ngamia."

Ilikuwa mapema mwaka 1997, katikati ya ukame, matairi ya nyuma ya trekta yalipokwisha kabisa. Madut alizunguka akitafuta, na mwishowe akapata jozi mbili kutoka kwenye mashine zilizokufa, zote zikiwa na rimu zake. Jozi ya kwanza ilikuwa ya matairi mapana, yenye meno mafupi yaliyosongamana. Ya pili ilikuwa ya matairi membamba na marefu, meno yake yameinuka na yameachana, yamepangwa kama mishale.

Akiru anaikumbuka vizuri siku ile ya kuchagua, kwa sababu walibishana kwa furaha.

Madut alilipiga kofi tairi moja jembamba. "Hii ni ya kwetu. Hii inakata tope ya juu, inateremka mpaka inapata ardhi ngumu chini, inashika. Na hii nafasi katikati ya meno, tope ikiingia inarushwa nje. Kama mlima na matope, usichukue ingine."

"Na huku mlima uko wapi?" Akiru akamuuliza. "Matope yako wapi? Mimi navuka laga kila siku."

Laga ni mto mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, ambao hupitisha maji siku chache tu katika mwaka. Katika mchanga wa namna hiyo tairi jembamba lenye meno marefu hujichimbia shimo lake lenyewe. Linalofaa ni tairi pana lenye upepo kidogo, ambalo hutandaa juu ya mchanga kama wayo wa ngamia.

Madut alifikiri, akatingisha kichwa. "Kweli, ya ukti, dada yangu. Hapa ni mchanga. Chukua ya pana." Akayafunga mapana yeye mwenyewe. Yale membamba yakaegemezwa ukutani, na Yar akageuza tairi moja kuwa kiti chake cha kushonea.

Uamuzi huo haukuwa na kasoro. Wote wawili wanasema hivyo hadi leo, na yeyote anayeijua njia hii angeamua vilevile. Kwa miezi minane trekta lilivuka mchanga na maji yake bila kukwama.

Kisha ikaja mvua ya El Niño.

Watu wa Turkana waliozoea kuisubiri mvua kwa miaka walianza kuomba ikome. Laga zilijaa, mbuzi wakafa kwa baridi na magonjwa, na katika sehemu moja kati ya Kakuma na Lodwar mafuriko yalibeba daraja. Magari yalilazimika kuteremka hadi kwenye mchanga wa laga, kuvuka, kisha kupanda ukingo wa upande wa Lodwar, ambao ulikuwa umechongwa haraka kwa jembe na sururu. Ulikuwa mkali kama paa la nyumba, na juu yake kulikuwa na tope laini la rangi ya chai ya maziwa.

Wakati huohuo jicho la kulia la Yar lilikuwa likiuma. Ni ule ugonjwa wa vikope unaowasumbua wengi katika nchi hii ya vumbi na nzi. Kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Jirani alikuwa akizing'oa kwa kibano, nazo zikiota tena. Akiru, akiwa Lodwar kumtazama mumewe, alisikia ikitangazwa kanisani: madaktari wa macho watakuja mjini kwa siku chache kuwapasua kope wagonjwa kama hao, kisha wataondoka kwa ndege.

Alirudi Kakuma kabla mto haujajaa tena, akaenda moja kwa moja kibandani.

"Ejok, Mama Ayen," akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok nooi, Mama Ewoi. Mbona unahema?"

"Pata ruhusa ya kutoka kambini. Tunaenda Lodwar."

Ruhusa ilipatikana, na lori likapatikana, likiwa na wagonjwa wengine wa macho, wengi wao wazee walioshikana mikono. Akiru alitangulia na trekta, trela tupu nyuma yake, ili alivute lori kwenye ule ukingo. Madut aliketi kwenye bawa la gurudumu. Mchanga waliupita bila shida, maji yakiwafikia nusu ya rimu. Hata lori alilivuta hadi chini ya mpando.

Akaufungua mnyororo, akaingiza gia ya chini, akaanza kupanda bila lori kwanza.

"Nilifika katikati, nikasikia gurudumu limekuwa jepesi," anasimulia. "Injini inanguruma, matairi yanazunguka, na sisi tunarudi nyuma. Nilikanyaga breki, tukaendelea kurudi nyuma. Ilikuwa kama kuvaa ndala juu ya sabuni."

Meno mafupi yalikuwa yamejaa tope, matairi yakawa laini kama chupa. Upana wake, uliokuwa baraka mchangani, uliyafanya yaelee juu ya utelezi badala ya kuyazamisha hadi kwenye changarawe iliyokuwa chini yake. Madut aliruka, akatazama magurudumu, akatazama ukingo.

Walijaribu kila walichokijua. Walipunguza upepo. Walijaza tairi maji ili kuongeza uzito. Wagonjwa waliokuwa na nguvu walikata matawi ya mikoma na kuyatandaza, trekta likayameza na kuyatema. Walizungusha minyororo kwenye magurudumu, ikakatika. Mara ya mwisho trekta liliteleza kiubavu, trela likajikunja, na wazee waliokuwa chini wakatawanyika wakipiga kelele.

"Khalas, basi," Madut akasema. "Utaua mtu."

Mtu mwenye miguu aliweza kuupanda ukingo, na wagonjwa wengi walipanda, wakishikiliwa. Yar alikuwa miongoni mwao. Lakini juu hakukuwa na gari. Upande wa Lodwar magari yote yalikuwa yamesimama mjini yakingoja habari za barabara, na mji ulikuwa mbali mno kwa watu wasioona wanapokanyaga. Kwa hiyo waliketi. Yar alijifunika leso kichwani dhidi ya manyunyu, akageuza uso wake barabarani, akangoja.

Madut alishuka, akavuka mchanga kwa miguu, akapata gari lililokuwa likigeuza kurudi Kakuma. Aliporudi na matairi membamba ilikuwa kesho yake adhuhuri. Waliyabingirisha mchangani, watu watano kwa kila moja, wakaweka jeki juu ya ubao, wakayafungua yale mapana na kuyafunga yale membamba. Madut alihakikisha mishale ya meno, ukiitazama kutoka nyuma, inaelekeza mbele ikiwa juu ya gurudumu. Ikifungwa kinyume, alisema, tope halirushwi nje, linavutwa ndani. Alipakia mawe mbele ya trekta ili pua isiinuke.

"Nenda sawasawa, usikate kona," akamwambia. "Usisimame. Hata ukisikia mtu anakuita, usisimame."

Akiru aliondoka. Meno yalilikata tope, yakateremka, na ghafla akasikia chini yake mkwaruzo wa changarawe. Trekta lilipanda kama linalopanda ngazi. Alishusha mnyororo na kulivuta lori, nalo likapanda. Kazi iliyowashinda tangu jana yake ilikwisha kabla jasho halijamkauka. Watu walipiga vigelegele. Mwanamke mmoja wa Kiturkana alimtemea mate ya baraka kifuani.

Waliingia Lodwar jua likiwa linaelekea kuzama. Ndege ilikuwa imeondoka asubuhi. Mawingu yalikuwa yakifunga, rubani alihofia uwanja usije ukalowa wakashindwa kuruka, na madaktari wakaondoka naye. Muuguzi aliyewapokea aliwapa dawa ya kupaka na akawaeleza kwa upole kwamba wataarifiwa.

"Mama Ayen alisema, 'Lakini tumefika,'" Akiru anasimulia. Anageuza uso, anajifanya anaangalia nati ya gurudumu. "Alikuwa anatufariji sisi. Mimi na mume wake. Yeye ndiye mgonjwa."

Madaktari walirudi mwishoni mwa mwaka 1998. Jicho la kushoto la Yar, ambalo nalo lilikuwa limeanza kuugua, lilipasuliwa kope na likapona. La kulia walilimulika kwa tochi, wakalimulika tena. Kovu lilikuwa limeshalifunika. Kwa lile la kulia Yar huona mwanga tu, na la kushoto huchoka upesi. Hatarizi tena. Anasema ndege wake wanapinda shingo.

Shuka la ngamia lilikuwa limeanzwa. Miguu minne na nundu, basi. Yar alitaka kuliendeleza, Akiru akamkataza.

Tangu siku ile ya ukingo Akiru hajayavua matairi membamba. Mvua ilipokoma Madut alimwomba ayarudishe mapana, akakataa. Madut alidhani ni kwa muda. Masika ya mwaka jana yakapita, kiangazi kikaja, mawe ya moto yakaanza kuyala meno, naye bado akikataa. Mumewe, Ekaale, alimwambia anaharibu mali. Akamjibu kwamba mali ni yake.

"Najua kwamba si sawa," anasema. "Ninajua kuliko wao. Lakini kila nikifikiria kuyavua, nasikia mawingu. Nasema, itakuwa leo. Nitayavua asubuhi na jioni mto utajaa."

Kisha anaongeza: "Siku ile nilisema matope yako wapi. Nilisema nikicheka."

Madut, kwa upande wake, anakataa mwanamke huyo abebe mzigo huo peke yake. "Nani alifunga ile ya pana? Mimi. Nani anajua matope, mimi ama yeye? Kwetu ni matope, tangu mtoto. Lakini niliona ukame, na mimi nikasahau." Anageuza spana mkononi. "Sisi wawili tulichagua. Na tulichagua vizuri. Hiyo ndiyo inauma. Kama tulikosa, ningesema tulikosa, inaisha."

Wakati huo ndipo Yar anapotoka kibandani, mkono mmoja ukiugusa ukuta. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Amesikia yote, na inaonekana si mara ya kwanza. Anamwendea Akiru, anamshika kiwiko.

"Mama Ewoi, juzi maji ilifika saa ngapi ng'ambo ya laga?"

Akiru anainamisha kichwa.

"Nakuuliza."

"Haikufika."

Ni kweli. Juzi trekta lilizama kwenye mchanga likiwa na tangi lililojaa. Meno yale yaliyobaki yalichimba mpaka ekseli ikakaa chini. Likatolewa jioni baada ya maji kumwagwa ili kulipunguzia uzito, na watu wa boma la ng'ambo, waliokuwa wamengoja na mitungi tangu asubuhi, wakarudi kuchimba mashimo mchangani na kuwanywesha watoto maji ya chumvi.

"Walinywa ya shimo," anasema Yar. "Mtoto wa Akeno wa ng'ambo anaharisha. Kwa sababu ya nini? Ya jicho yangu? Mimi sikukutuma. Mimi sikusema watu wakae na kiu kwa sababu Yar haoni."

"Mama Ayen..."

"Nilikaa pale juu, nikangoja gari. Najua kungoja. Sasa wewe unangojesha wengine." Anaachia kiwiko, anamgeukia mumewe. "Madut, toa."

Madut hasogei. Anamtazama Akiru.

Mkono wa Akiru bado uko juu ya tairi. Wanawake wawili wanaopita na vikapu wanasimama, wanaona si jambo lao, wanaendelea. Mwishowe anauondoa mkono. Anachukua spana kutoka kwa Madut, na nati ya kwanza anaifungua mwenyewe. Imeshika kutu, na anaipiga kwa kisigino ili ilegee.

Saa tatu hivi matairi mapana yako mahali pake. Ni yaleyale ya mwaka 1997, yaliyohifadhiwa chini ya turubai, na mpira wake bado una uhai. Madut anapunguza upepo hadi tumbo la tairi linapoulalia mchanga kidogo. Yale membamba yanaviringishwa kivulini.

Akiru ana mpango. Anataka kutafuta membamba mengine yenye meno mazima, na mvua zikikaribia ayapeleke mapema kwa mzee mmoja anayeishi karibu na ule ukingo, yakae huko yakingoja, ili kuyabadilisha iwe kazi ya asubuhi moja. Bado hajui atayapata wapi. Madut amesikia habari za trekta lililokufa upande wa Lokori, na wamekubaliana kwenda kulitazama pamoja.

Kuhusu madaktari, inasemekana watakuja tena Lodwar kabla ya mwaka kwisha. Jicho la kushoto la Yar linahitaji kutazamwa, kwa maana kope zinaweza kugeuka tena.

"Safari hii nitampeleka mapema, hata kama jua ni kali na barabara ni kavu," anasema Akiru akipanda kitini. "Atakaa kwangu, ale, alale, achoke kuniona. Watu watacheka, wamwulize mbona amekuja mapema hivyo. Wacheke tu." Anawasha injini, na inambidi apaze sauti. "Lile jicho moja limekwenda. Siwezi kulirudisha, na hata nikizeeka nitakuwa nalikumbuka. Lakini sitaki tena Mama Ayen aketi kando ya barabara akinisubiri."

Trekta linateremka lagani likivuta maji. Yar amesimama mlangoni, kiganja juu ya jicho lake linaloona, akilifuata kwa kulisikiliza zaidi kuliko kulitazama, mpaka mngurumo unapopanda ukingo wa pili.

"Amevuka," anasema, na anaingia ndani kupika.